Nina ukurasa wa Facebook na simu inayopokelewa. Tovuti itaniongezea nini?

Msomaji mwenye karakana ya kutengeneza vyerehani ameuliza hivi: "Nina mafundi wawili na duka dogo la vipuri. Wateja wangu wengi huletwa na wateja wenzao, na wengine hunipata kupitia ukurasa wangu wa Facebook, kisha tunamalizana kwa WhatsApp. Sasa kijana mmoja anayejua mambo ya kompyuta ananishauri nifungue tovuti, nimlipe kwa kuijenga, na baada ya hapo niendelee kulipia kila mwaka. Anasema nitaonekana dunia nzima. Mimi dunia nzima sina haja nayo. Je, ipo faida ya kweli kwa biashara ndogo kama yangu, au ni gharama ya kujipendezesha tu?"

Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi. Fundi wa vyerehani hana sababu ya kulipia macho ya dunia nzima, kwa kuwa hakuna atakayesafirisha cherehani kibovu kutoka nchi ya mbali ili akufuate wewe. Hata hivyo jibu langu ni kwamba tovuti itakufaa, na itakufaa kwa sababu mbili ambazo kijana huyo hakuzitaja. Kwanza, wapo watu wa jirani kabisa wenye tatizo unalolimudu, ambao hawakujui na hawana mtu wa kuwaelekeza kwako, na hao huwapati kwa njia unazotumia sasa. Pili, kila ulichokijenga mtandaoni hadi leo kimewekwa mahali penye mwenyewe, na mwenyewe huyo anaweza kubadili masharti, au kufunga, bila kukuuliza.

Nianze na hao wasiokujua. Mteja aliyeelekezwa na rafiki yake huja akiwa amekwisha kuamua. Anachohitaji ni namba ya simu na mahali ulipo, na kwa kazi hiyo ukurasa wako wa Facebook unatosha. Mteja wa aina ya pili ni yule ambaye usiku, akiwa na nguo ya mtu inayotakiwa asubuhi, anaona cherehani chake kimeanza kuruka mishono. Huyu hana muda wa kupitia picha za marafiki zake. Anachukua simu na kuandika katika sanduku la utafutaji maneno yale yale ambayo angemwambia fundi kama fundi angekuwa mbele yake: cherehani kinaruka mishono. Atakayejibu swali hilo kwa maneno yanayoeleweka ndiye atakayesomwa, na aghalabu ndiye atakayepigiwa simu.

Sasa chukulia kwamba tovuti yako ina ukurasa mmoja unaojibu swali hilo peke yake. Unaeleza kwamba mshono hufungwa pale sindano inapoanza kupanda, uzi ukatengeneza kitanzi kidogo nyuma ya sindano, na kulabu inayozunguka chini ikakidaka kitanzi hicho. Kwamba sindano iliyopinda, au isiyosukumwa hadi mwisho wa tundu lake, husababisha kulabu ipite bila kudaka kitu. Kwamba vitambaa vinavyovutika huhitaji sindano ya ncha ya mviringo, kwa sababu sindano ya kawaida huvisukuma badala ya kupenya kati ya nyuzi zake. Unamwambia msomaji abadilishe sindano, atunge uzi upya tangu mwanzo, kisha ajaribu kwenye kipande cha kitambaa. Mwisho unasema wazi kwamba mashine ikiendelea kuruka mishono baada ya hayo, huenda kulabu na sindano hazikutani kwa wakati unaotakiwa, na kwamba kuzirekebisha ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Hapo chini unaweka namba yako, siku za kazi na muda wa kawaida wa kumaliza matengenezo ya aina hiyo.

Mtu aliyesoma ukurasa huo na kuufuata, mashine ikapona, amekuwa mteja wako wa vipuri hata kama leo hajakulipa kitu, maana sindano na bobini atazinunua tena na ameshajua nani anazielewa. Ambaye mashine yake haikupona ameelewa kwamba tatizo limo ndani, na aliyemweleza hivyo bila kumtisha ndiye atakayemwamini. Najua mafundi wengi huogopa kwamba wakieleza kazi yao watu watajitengenezea wenyewe. Kwa maoni yangu hofu hiyo ni kubwa kuliko hasara yenyewe: kazi ya kubadilisha sindano haikuwahi kumlipa fundi, na anayesoma jinsi kulabu inavyopangwa upya huona haraka kwamba hiyo si kazi ya kujaribia nyumbani usiku.

Utauliza kwa nini maelezo hayo hayo usiyaandike Facebook, ambako ni bure. Unaweza, na nitakushauri uyaweke huko pia kwa ufupi. Lakini chapisho la mtandao wa kijamii limeundwa ili lisomwe siku linapotoka. Baada ya siku chache linazama chini ya machapisho mengine, na sehemu kubwa ya yaliyomo katika mitandao hiyo haifunguki vizuri kwa mtu ambaye hajaingia katika akaunti. Ukurasa wa tovuti hukaa kwenye anwani yake ile ile mwaka hadi mwaka, ukisomwa na mtu mmoja leo na mwingine baada ya miezi sita, wote wawili wakiwa na tatizo lile lile.

Inafaa uelewe jinsi injini ya utafutaji inavyofanya kazi, kwa sababu ukilielewa hilo hutauziwa maneno matupu. Programu zake huzunguka kwenye intaneti zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, husoma maandishi zinayoyakuta, na kuyaweka katika faharasa kubwa, sawa na faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu. Mtu anapouliza, jibu linatafutwa katika faharasa hiyo, kisha kurasa zinapangwa kwa kuangalia ni ipi inayoelekea kulijibu swali. Larry Page na Sergey Brin walioanzisha Google mwaka 1998 walijenga mpangilio wao juu ya wazo kwamba kiungo kutoka tovuti nyingine ni aina ya ushahidi kuwa ukurasa una thamani, na ingawa vigezo vimeongezeka sana tangu wakati huo, wazo hilo halijatupwa. Jambo la kushika hapa ni kwamba kinachosomwa zaidi ni maandishi. Biashara nyingi ndogo hutangaza kwa picha moja yenye rangi kali, ambamo huduma, bei na namba ya simu vyote vimechorwa ndani ya picha. Mwanadamu anaisoma, lakini kwa injini ya utafutaji kuna kidogo sana cha kushika. Andika kwa maneno, na uyatumie yale ambayo wateja huyatamka, hata kama wewe fundi una majina ya kitaalamu yanayokupendeza zaidi. Programu za akili mnemba ambazo watu wameanza kuziuliza maswali ya namna hii nazo hujibu, kwa kiasi kikubwa, kutokana na maandishi yaliyo wazi kwa kila mtu kwenye tovuti.

Faida inayofuata ni ya uaminifu, na hapa ndipo ninapoona biashara ndogo zikiacha fedha mezani bila kujua. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof alieleza, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kinachotokea sokoni pale muuzaji anapojua ubora wa bidhaa na mnunuzi haujui: mnunuzi hujilinda kwa kutoa bei ya chini kwa wote, na wenye bidhaa nzuri huumia kwa sababu hawawezi kujitofautisha na wenye bidhaa mbovu. Kazi hiyo ilimfanya mwaka 2001 awe mmoja wa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Katika matengenezo hali ni ngumu zaidi kuliko kwenye magari, kwa sababu mteja hawezi kufungua mashine na kujua kama kipuri ulichoweka ni kipya au kimeokotwa kwenye mashine nyingine. Anabaki kukisia kutokana na sura yako na sauti yako.

Tovuti inakupa nafasi ya kujifunga hadharani. Andika dhamana unayoitoa na muda wake. Andika kama kuna malipo ya kukagua mashine hata pale mteja anapoamua kutotengeneza. Andika kwamba kipuri cha zamani anarudishiwa ili aone kilichotolewa. Andika mashine isiyochukuliwa hukaa kwa muda gani kabla ya kuanza kulipiwa nafasi. Masharti yakishaandikwa mahali ambapo yeyote anaweza kuyasoma, mteja anaona kuwa umekubali kushikwa kwa maneno yako mwenyewe, na fundi mbabaishaji hawezi kukuiga bila gharama, kwa sababu dhamana anayoiandika atadaiwa. Nawe unapata kinga, maana ugomvi mwingi kati ya fundi na mteja unatokana na jambo ambalo kila mmoja alilidhani na hakuna aliyelisema.

Kwa sababu hiyo hiyo nakusihi usinunue picha za karakana za kifahari wala usitunge sifa za wateja wasiokuwepo. Piga picha ya meza yako ya kazi kama ilivyo, vipuri vikiwa vimepangwa, na mashine iliyofunguliwa kabla na baada ya kusafishwa. Mtu atakayekuja kukuona akakuta mahali pale pale alipopaona kwenye simu, hata kama ni padogo, anakuwa na utulivu ambao tangazo la kung'aa haliwezi kumpa.

Lipo pia suala la muda. Fungua mazungumzo yako ya WhatsApp ya wiki moja tu na uandike kwenye karatasi kila swali uliloulizwa. Utakuta kwamba maswali machache yanajirudia karibu kila siku: mko wapi, mnafungua lini, mnatengeneza mashine za aina gani, kusafisha kunachukua siku ngapi, bobini za mashine fulani mnazo. Kila moja unalijibu ukiwa na mikono yenye mafuta, na baadhi unayajibu umechelewa, mteja akiwa amekwisha kwenda kwingine. Orodha hiyo ndiyo ramani ya tovuti yako. Ukishaziandika kurasa zinazoyajibu, unaweza kumtumia muulizaji kiungo kimoja, na wengi hawatauliza kabisa. Nimeona wenye biashara wakianza kuipenda tovuti yao kwa sababu hii kabla hawajapata hata mteja mmoja mpya kupitia kwake.

Sasa nije kwenye sababu ya pili niliyoitaja mwanzoni, ambayo kwangu ina uzito kuliko zote, ingawa haionekani mpaka siku mambo yanapoharibika. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, duniani kote, kwa sababu kazi ya kawaida ya matengenezo ndani ya kampuni hiyo ilikata mawasiliano kati ya vituo vyake vya data na intaneti nyingine. Kwa mtu anayepiga gumzo na rafiki zake ulikuwa usumbufu. Kwa biashara ambayo oda zake, picha zake na namba za wateja wake zote zilikuwa humo, duka lilifungwa na ufunguo ulikuwa kwa mtu mwingine.

Saa sita si nyingi, nakubali. Yaliyo mazito zaidi ni mabadiliko yasiyorudi nyuma. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itawaonyesha watu zaidi machapisho ya marafiki na jamaa zao, na kidogo zaidi ya yale ya biashara na vyombo vya habari. Waliokuwa wametumia miaka kukusanya wafuasi waligundua kwamba wengi wa wafuasi hao hawaoni tena wanachoandika, isipokuwa wakilipia. Aprili 2019 Google ilifunga mtandao wake wa kijamii wa Google+ kwa watumiaji wa kawaida, na yaliyokuwemo yakafutwa. Na mfano unaowagusa zaidi watu wa kiwango chako ni wa Machi 2024: Google ilizima tovuti ndogo za bure ambazo wenye biashara walikuwa wamezijenga ndani ya huduma yake ya wasifu wa biashara, na viungo vyake vikaendelea kwa miezi michache tu kuwapeleka watu kwenye wasifu huo kabla ya kukatika kabisa. Kampuni hizi hazikuvunja sheria yoyote. Zilifanya kile ambacho masharti ya huduma zao yaliziruhusu, masharti ambayo karibu kila mmoja wetu huyakubali bila kuyasoma. Akaunti yako pia inaweza kufungwa kwa kosa la mfumo, au kutekwa na tapeli, na kuirudisha kukategemea fomu ambayo hujui itasomwa lini.

Tovuti nayo inaweza kuzimika, na ningekudanganya kusema vinginevyo. Tofauti ni kile unachoweza kufanya ikizimika. Tovuti ina sehemu tatu zinazotenganishika: jina la kikoa, yaani anwani ambayo watu huiandika, seva, yaani kompyuta ya kampuni fulani ambamo faili zako zimehifadhiwa, na faili zenyewe, pamoja na maandishi na picha zako. Ukiwa na jina la kikoa kwa jina lako na nakala ya faili zako, kampuni ya seva ikikuudhi au ikifilisika unahamia nyingine, unaelekeza jina lako huko, na baada ya muda mfupi mteja anayeandika anwani ile ile anakukuta bila kujua kwamba ulihama. Mitandao mikubwa ya kijamii kama Facebook haikuruhusu kuhama na wafuasi wako kwa namna hiyo. Uhuru huu una historia: Tim Berners-Lee alibuni mfumo wa tovuti mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kiliutoa kwa umma ili yeyote autumie bila kulipa ada wala kuomba ruhusa. Mwenye karakana leo anajenga tovuti yake juu ya msingi ule ule unaotumiwa na mashirika makubwa.

Jina la kikoa linakupa pia anwani ya barua pepe yenye jina la biashara yako. Kwa mteja mmoja mmoja hilo si jambo kubwa. Kwa shule ya ushonaji au kiwanda kidogo kinachotafuta wa kukarabati mashine zake kwa mkataba, nukuu ya bei iliyotoka kwenye anwani ya biashara husomwa kwa uzito mwingine.

Haya yote hayamaanishi uache Facebook wala WhatsApp. Wateja wako wanaokupenda wako huko, na habari ya leo, kama kufika kwa vipuri vipya, inafaa itangazwe huko. Kanuni ninayowapa watu ni kwamba habari ya leo iende kwenye mtandao wa kijamii, na jambo litakalokuwa kweli mwakani liandikwe kwenye tovuti, kisha kiungo chake kiwekwe kwenye mtandao wa kijamii. Na kabla ya kumlipa yeyote, jaza wasifu wa biashara yako kwenye Google na kwenye ramani za simu, kwa sababu ni bure na humsaidia anayetafuta fundi wa karibu. Hakikisha tu kwamba jina, anwani na namba ya simu vinafanana herufi kwa herufi na utakavyoviandika kwenye tovuti.

Kuhusu gharama, tenganisha zile zinazojirudia na ile ya mara moja. Jina la kikoa hulipiwa kwa mwaka, ingawa majina ya .com yanaweza kulipiwa hadi miaka 10 kwa mkupuo. Nafasi kwenye seva hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na kwa tovuti ya kurasa chache kifurushi cha chini kabisa kinatosha. Cheti cha usalama, kinachofanya anwani ianze na https, kisiwe sababu ya kukutoza: shirika lisilo la faida la Let's Encrypt linavitoa bure, na tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huiandika kuwa si salama tovuti yoyote isiyo na cheti, onyo ambalo halifai kuwa la kwanza kuonwa na mteja wako. Programu ya kujengea tovuti nayo inapatikana bure. WordPress, iliyotolewa mwaka 2003 kama programu huria, inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani, na uzuri wake kwako ni kwamba kijana huyu akiondoka, hutakosa mwingine anayeifahamu. Unachomlipa hasa ni muda wake wa kupanga na, kama mtakubaliana, wa kuitunza.

Sisitiza tovuti iwe nyepesi. Wengi watakaoifungua watatumia simu, mara nyingi kwenye mtandao dhaifu na kwa data wanayoilipia. Picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu janja inaweza kuwa na megabaiti tatu au nne. Ikipunguzwa vizuri inashuka chini ya kilobaiti 200 na jicho halioni tofauti. Picha zinazoteleza zenyewe, muziki na madirisha yanayoruka usoni havina kazi kwenye tovuti ya fundi. Namba ya simu iwe juu ya kila ukurasa, na iandikwe kwa namna ambayo mtu akiigusa simu yake inapiga.

Jambo ninalokuomba ulisome mara mbili ni hili la umiliki wa jina. Katika kazi ya kushauri, msiba ninaokutana nao mara kwa mara ni wa mwenye biashara ambaye jina la kikoa lake lilisajiliwa kwa jina na barua pepe ya aliyemjengea tovuti. Mara nyingi hakukuwa na nia mbaya. Mjenzi alifanya hivyo kwa wepesi, kisha akapata kazi mbali, akabadili namba, na ilani za kulipia zikawa zinakwenda kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeifungua. Jina likiisha muda bila kulipiwa tovuti hutoweka, na barua pepe za biashara pamoja nayo. Kwa majina ya aina ya .com, msajili, yaani kampuni inayouza majina hayo, akishalifuta kuna kipindi cha siku 30 ambacho mwenyewe anaweza kulikomboa kwa ada kubwa zaidi. Baada ya hapo yeyote anaweza kulichukua, na wapo wanaofanya biashara ya kusubiri majina ya namna hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kazi kuanza, akaunti kwa msajili wa majina ifunguliwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako na kwa malipo yako, kijana akiwa amekaa pembeni yako ikibidi. Nenosiri liwe lako, na kinga ya hatua mbili, yaani ile inayodai uthibitisho wa simu juu ya nenosiri, iwashwe kwenye simu yako mwenyewe. Mpe yeye akaunti yake ya kufanyia kazi, ambayo unaweza kuiondoa. Mwandikiane kwamba maandishi, picha na nakala kamili ya tovuti ni mali yako, na kwamba utapewa nakala hiyo kila baada ya muda mnaokubaliana. Kijana mwaminifu hatachukizwa na masharti haya; atakayekataa kuliweka jina la biashara yako mikononi mwako, mshukuru na utafute mwingine.

Usitarajie simu kuanza kulia wiki ya kwanza. Tovuti mpya huchukua majuma, aghalabu miezi, kabla ya injini za utafutaji kuizoea na kuiweka mbele, na anayekuahidi nafasi ya kwanza kwa siku kadhaa anakuuzia kitu kisicho chake. Kipimo chako kiwe rahisi: kila mteja mpya aulizwe amekupataje, na jibu liandikwe kwenye daftari la kazi karibu na aina ya tatizo. Baada ya miezi kadhaa daftari hilo litakuonyesha ni kurasa zipi zinaleta watu na ni maswali yapi bado hujayajibu. Ukiona wengi wanakuja na mashine iliyojikwamisha uzi chini ya kitambaa, huo ndio ukurasa wako unaofuata.

Iko hali moja ambayo nisingekushauri uanze sasa. Kama mafundi wako wawili wamezidiwa na kazi zilizopo, mashine zinakaa muda mrefu kuliko ulivyoahidi, na simu inalia bila kupokelewa, basi fedha hiyo itumie kwanza kumpata fundi wa tatu, kwa sababu mteja mgeni aliyekupata kwa tovuti hana uvumilivu wa yule aliyeletwa na rafiki. Hata hivyo sajili jina la kikoa leo, maana ni gharama ndogo na likichukuliwa na mwingine huenda usilipate tena. Na kama kazi inaenda sawasawa, anza na kurasa nne: huduma na vipuri mlivyonavyo, masharti na dhamana, mahali mlipo pamoja na siku za kazi, na ule wa cherehani kinachoruka mishono, uandike wewe mwenyewe kama unavyomweleza mteja akiwa amesimama mbele ya meza yako.